Kodo au Dub? Bushi za Nyuma Zatuchukulia Kipindi Kizima

REHEMA: Karibuni tena. Leo nina furaha, wallahi. Gari limenyamaza: nimebadilisha bushi za nyuma, zile zinazounga ekseli na bodi, kila moja ni bomba la chuma ndani, mpira katikati na ganda nje.

KOMBO: Pole na hongera, dada. Siku mbili chini ya gari?

REHEMA: Mbili kamili. Wiki iliyopita niliwaambia nyuma panagonga kila nikipita kwenye tuta. Kodo, kodo, kodo.

KOMBO: Dub.

REHEMA: Kombo, usianze.

KOMBO: Lazima nianze, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa kiti cha nyuma. Ilikuwa dub. Sauti nzito, imezibwa, kama mtu anayepiga mlango kwa kiganja. Ungempelekea fundi "kodo", angekwenda moja kwa moja kwenye shokapu, maana kodo ni chuma kwa chuma. Dub ni mpira uliochoka.

REHEMA: Na mpira ukichanika wote, kinabaki nini kama si chuma kwa chuma? Upande wa kushoto, mpira ulikuwa umeachana kabisa na bomba la ndani. Niliingiza mtaimbo, nikasukuma, ekseli ikacheza mbele na nyuma naiona kwa macho. Upande wa kulia palikuwa na nyufa tu. Kwa hiyo kushoto kodo, kulia dub.

KOMBO: Aa, basi gari lilikuwa linasema "kodo-dub".

REHEMA: Lilikuwa linasema hivyo hasa! Na kwenye kona mkia ulikuwa unachelewa. Unakata usukani, mbele panakwenda, nyuma panafikiria kwanza.

KOMBO: Kuna msikilizaji alituandikia kwamba lake linalia "nying'i nying'i" likipakia abiria.

REHEMA: Hilo ningeanza kulitafuta kwenye mpira mkavu. Halafu asipake grisi ya kawaida kwenye bushi za mpira, hiyo hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, nayo huvimbisha mpira wa asili. Hata mimi wakati wa kusukuma mpya nilitumia maji ya sabuni.

KOMBO: Nazo za zamani zilitoka kwa sauti gani?

REHEMA: Unataka zote? Bolti ilikuwa imeshikana na bomba la ndani kwa kutu. Nikaimwagia mafuta ya kutu, nikailaza usiku kucha. Asubuhi nikavuta spana ndefu: kriii... kimya... halafu ta! Nikadhani imekatika.

KOMBO: "Ta" ni ya kukatika.

REHEMA: Ilikuwa ya kuachia. Ya kukatika haina mwangwi, ni "tk". Nikafungua vishikio vya mipira ya breki na nyaya za hendibreki zisivutike, nikashusha ekseli taratibu. Ganda la nje likagoma kutoka, nikalikata kwa msumeno wa chuma kwa ndani, kwaru kwaru, nikiogopa kugusa chuma cha ekseli yenyewe. Lilipoachia: pwa!

KOMBO: Pwa ni ya kitu kilicholowa.

REHEMA: Lilikuwa limelowa mafuta ya kutu, kaka! Tuendelee. Kilichoniuma ni kwamba zile bushi hazikuwa za zamani sana. Aliyezifunga alikaza bolti magurudumu yakining'inia. Bomba la ndani likabanwa hapo, na mpira umegandishwa kwake, hautelezi. Gari liliposhuka chini, mpira ukabaki umesokotwa, hata likiwa limeegeshwa. Lazima ungechanika mapema. Safari hii niliinua ekseli kwa jeki mpaka ikafika kimo inachokaa gari likiwa chini, ndipo nikakaza mwisho.

KOMBO: Na ndiyo maana nilikwambia uweke za poliyurethini, ile plastiki ngumu. Nyingi huzunguka kwenye bomba lake, hazisokotwi hivyo. Na mkia usingechelewa tena.

REHEMA: Na kila kokoto lingeingia mwilini mwangu. Ule mpira una matundu kwa makusudi: unalegea mbele na nyuma, unakaza pembeni. Ndiyo maana kuna alama ya kuelekeza bushi wakati wa kuiingiza. Ukiweka kitu kigumu pande zote umeondoa kazi ya aliyebuni gari.

KOMBO: Aliyebuni gari alikuwa anafikiria gari jipya. Hili ni la zamani, kila kitu kimelegea. Ukipata mahali pamoja pa kukaza, kaza.

REHEMA: Likilegea kila mahali ndipo ugumu unapokwenda kupasua kingine. Mama yangu anapanda gari hili, mgongo wake haustahimili mtetemo.

KOMBO: Na mama huyohuyo nataka akate kona bila mkia kumchelewea.

REHEMA: Kwa bushi mpya za mpira haumchelewei!

KOMBO: Kwa muda gani?

REHEMA: Kwa muda utakaofaa, zikifungwa vizuri.

KOMBO: Sikubali.

REHEMA: Nami sikubali.

KOMBO: ...Rehema, tumebakiwa na dakika moja. Nilikuwa nimeandika mambo matano ya kuwafundisha.

REHEMA: Hata la kwanza hatukulifikia?

KOMBO: Hata la kwanza. Lilikuwa stendi za jeki.

REHEMA: Stendi, jamani, msiingie chini kwa jeki peke yake. Mengine manne yabebe wiki ijayo. Sasa hivi napeleka magurudumu yakapimwe mwelekeo, ekseli ilishuka yote.

KOMBO: Nipakie. Nakaa nyuma, upande wa kushoto.