Mbwa na nyama mbichi: ini linatoka wapi?

NEEMA: Karibuni kwenye kipindi. Dokta, shikamoo.

JOEL: Marahaba, Neema. Hujambo?

NEEMA: Sijambo. Leo kuna swali limeletwa na zaidi ya msikilizaji mmoja. Watu wameona video za mbwa wa Ulaya na mabakuli yao, nyama mbichi, yai juu, samaki pembeni. Sasa wanataka kuachana na ugali na dagaa. Unawaambiaje?

JOEL: Nawaambia wasikurupuke. Halafu tukumbushane, nyama mbichi si ngeni kwa mbwa wa hapa. Pita machinjioni alfajiri, utawakuta wameshawahi kabla ya wenye mabucha. Kilichokuja kutoka nje ni utaratibu: mizani, vipimo, friza. Daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, ndiye aliyeuvumisha kuanzia 1993. Lakini chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani, tangu 2012, kinashauri mbwa asipewe nyama ambayo haijauliwa vimelea. Na mimi sina ushahidi wa kukuonyesha kwamba mbwa wa nyama mbichi anaishi muda mrefu kuliko mwenzake anayepikiwa vizuri.

NEEMA: Basi tufunge kipindi, twende zetu.

JOEL: (anacheka) Tukifunga, watu watafanya hivyo hivyo kwa kubahatisha. Bora tuwaeleze.

NEEMA: Haya. Nina mbwa mzima, kilo 20. Naanzia wapi?

JOEL: Kwenye mizani. Mbwa mzima anakula asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku. Wako ni gramu 400 hadi 600, kutegemea anazunguka kiasi gani. Katika hiyo, asilimia 80 ni nyama ya kawaida, pamoja na moyo na firigisi. Asilimia 10 ni mfupa laini unaotafunika. Asilimia 10 iliyobaki ni ogani: nusu ini, nusu figo au bandama.

NEEMA: Mfupa laini ni upi? Maana bucha atakupa kongoro.

JOEL: Shingo ya kuku, bawa, miguu ya kuku. Kongoro na mifupa ya paja la ng'ombe mwachie mwenye supu, inavunja meno. Na ukishaupika mfupa wa kuku, usimpe kabisa. Ukipikwa unakuwa mkavu, unapasuka vipande vyenye ncha. Nimewahi kuvitoa kwenye utumbo, si kazi ya kufurahisha.

NEEMA: Na ini? Watu wanaona ini ndiyo dawa.

JOEL: Lina vitamini A nyingi sana, na ikizidi kwa muda mrefu inamuumiza mbwa, hasa mifupa na viungo. Mbwa wako wa kilo 20, akila nusu kilo kwa siku, ini lake ni gramu 25. Ni kipande cha ukubwa wa kiberiti. Mtu anamwekea robo kilo, kesho analalamika mbwa anaharisha.

NEEMA: Kiberiti tu!

JOEL: Kiberiti. Halafu tukae hapo hapo kwenye ini, maana ndipo penye kazi. Ukifika bucha, kwanza uliza limetoka wapi. Mkaguzi wa nyama akilipasua ini au mapafu akakuta vifuko vya maji, analitupa. Kwenye machinjio bubu hakuna mkaguzi. Lile ini bovu linauzwa kwa bei ya kutupa, na mteja wake ni nani?

NEEMA: Mwenye mbwa.

JOEL: Mwenye mbwa. Sasa vile vifuko vina mabuu ya tegu mmoja mdogo sana, milimita chache tu. Mbwa akila kibichi, mabuu yanakuwa tegu tumboni mwake. Mbwa haumwi, ananenepa, manyoya yanang'aa. Baada ya wiki sita au saba hivi, anaanza kutoa mayai kwenye kinyesi. Mayai yanashika manyoya, udongo, mchicha wa bustanini. Mtoto anamkumbatia mbwa, anatia mkono mdomoni. Miaka inapita, mtu ana kifuko cha maji kwenye ini lake mwenyewe, anahitaji kupasuliwa.

NEEMA: Hii ipo kweli, au ni ya vitabuni?

JOEL: Ipo. Turkana, Kenya, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika kuliko zote duniani, mpaka shirika la afya la AMREF wakaanzisha mradi wa kuudhibiti ugonjwa huu miaka ya 1980. Kwetu imeripotiwa kwa wafugaji wa Ngorongoro. Mfugaji hana lawama, mbwa wake anapata mabaki ya mbuzi kama kawaida. Ila mtu wa mjini mwenye friza, akinunua ugonjwa ule ule kwa kilo, huyo nitamlaumu.

NEEMA: Friza inasaidia lakini?

JOEL: Inasaidia nusu. Ukigandisha kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku kumi hivi, vile vifuko vinakufa. Salmonela, bakteria wa kuharisha, haifi, inasinzia tu. Nyama ikiyeyuka, inaamka.

NEEMA: Na umeme wetu huu.

JOEL: Umeme ukikatika usiku kucha, ukarudi asubuhi, nyama ikaganda tena, wewe hujui kilichopita hapo katikati. Ukifungua ukakuta barafu ya damu imetuama chini ya mfuko, ujue iliyeyuka. Ipike. Yaani mtu asiye na friza ya uhakika, hilo somo lake limeishia hapo. Ini na mapafu achemshe nusu saa, mabuu yatakufa, mbwa atakula, maisha yataendelea.

NEEMA: Na dawa ya minyoo?

JOEL: Uliza kama ina prazikwanteli. Zile za bei poa za minyoo ya kawaida, huyu tegu hazimgusi. Kwa anayekula ogani mbichi, mimi huelekeza kila wiki sita, ili tegu atolewe kabla hajaanza kutaga.

NEEMA: Haya, nimepata nyama yenye mhuri, friza ipo, dawa nimempa. Namwanzishaje?

JOEL: Nyama ya aina moja, kuku au ng'ombe, kidogo kidogo ukipunguza chakula cha zamani. Ini liache mpaka wiki ya pili. Kisha soma kinyesi. Kikiwa cheupe na kinavunjika kama chokaa, mfupa umezidi. Kikiwa maji, umekwenda mbio au mafuta ni mengi. Na nyama iyeyushe kwenye rafu ya chini kabisa ya friji, si kwenye sinki unakooshea vikombe vya chai.

NEEMA: Kuna msikilizaji ana mtoto wa German Shepherd wa miezi mitatu. Anampa steki, anasema hataki mifupa imkwame.

JOEL: Aache leo. Steki ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna. Mwili wa mtoto unaokua ukikosa kalsiamu, unaichota kwenye mifupa yake. Miguu inapinda, anashindwa hata kurukia kochi. Hao wa jamii kubwa wasianzishiwe nyama mbichi nyumbani kwa makisio. Kwa mbwa mzima asiyepewa mfupa, nusu kijiko cha chai cha ganda la yai lililosagwa unga, kwa kila nusu kilo ya nyama. Kwa mtoto, nenda kwa daktari akupigie hesabu.

NEEMA: Na nyumba ambayo haifai kabisa?

JOEL: Yenye mtoto anayetambaa, mjamzito, mzee sana, au mtu ambaye kinga yake imeshuka. Mbwa anaweza kubeba salmonela bila kuugua, akamlamba mtoto usoni. Hapo pika. Na nyama ya kibudu, hata mbwa akiililia, hapana. Kimeta hakichagui.

NEEMA: Mimi nina mtoto wa miezi tisa ndani, Dokta.

JOEL: Basi mbwa wako unampa nini sasa hivi?

NEEMA: Utumbo wa kuku wa kuchemsha, dona na dagaa.

JOEL: Dagaa wasiwe na chumvi, ongeza nyama kidogo, endelea hivyo hivyo. Nyama mbichi tutaizungumza akianza shule.

NEEMA: Haya. Wiki ijayo ni chanjo ya kichaa cha mbwa, tumeni maswali mapema.