Valvu au dijitali? Tizama hii kabla hujatoa pesa ya amplifaya

Assalaam alaikum watazamaji. Mezani leo ziko mbili: huku ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani na kukuza sauti, wati 15, na huku ya dijitali, wati 50, hii inayoigiza sauti za amplifaya nyengine. Gitaa moja, waya mmoja, mikono ile ile. Namna ya kuchomeka gitaa na kutuni sisemi, mnajua.

Hatua ya kwanza tizama ukuta. Jirani yuko mbali kiasi gani? Hapa Mji Mkongwe dirisha linatazamana na dirisha, mtu akikaanga vitunguu nyumba ya pili unajua kama anapika pilau au mchuzi. Sasa valvu raha yake inakuja ukiikaza. Zile valvu kubwa za mwisho zikianza kuelemewa ndipo sauti inanenepa na kukwaruza vizuri, na wati 15 zikifika hapo mpiga dumbaki hasikiki. Ukiipiga kwa sauti ya chumbani unasikia valvu ndogo za mwanzo tu. Umenunua jahazi la kuvulia maji ya magotini.

Na namba ya wati isikudanganye. Wati 50 si kelele mara tatu ya 15. Sikio linaona sauti imekuwa maradufu pale nguvu inapopanda kama mara 10. Kwa hiyo usiseme "nitachukua valvu ya wati 5, itakuwa ndogo." Wati 5 zinamwamsha mtoto, na mama yake. Hizi za dijitali, nyingi zina swichi ya kushusha: Boss Katana 50 inashuka mpaka nusu wati, na mkwaruzo bado unao. Kwa anayeishi ghorofani, tushamaliza nusu ya mjadala.

Hatua ya pili, igeuze nyuma. Hiki kibandiko... kamera haishiki. Ngoja tochi. Bado. Haya, hapo: volti 230, hezi 50. Ndio umeme wetu. Zinazokuja na kontena au na jamaa kutoka Marekani zimeandikwa 120. Kile kiplagi cha kubadilishia pini hakishushi volti, kinabadilisha umbo la pini tu. Ukichomeka hivyo, una bahati fyuzi ikikatika. Huna bahati, transfoma inaungua. Inatakiwa transfoma ya kushushia, yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa hapa nyuma. Hizi za nyuma ni wati za kula umeme, si zile 15 za kutoa sauti. Mtu anachanganya hapo, ananunua transfoma ndogo, inachemka.

Hatua ya tatu. Wekeni vyombo chini mtizame. Valvu hii kichwa mbali, spika mbali. Waya wa spika unaingia KABLA ya umeme. Narudia: spika kwanza, umeme baadaye. Valvu ikipigwa bila spika, nguvu haina pa kwenda, volti zinapanda ndani ya transfoma ya kutolea na kuichoma, na kile ndicho chuma ghali kuliko vyote humo ndani.

Na waya wenyewe. Hizi mbili mkononi, plagi zote milimita 6.35, nyeusi zote, ukizitizama pacha. Huu wa gitaa: ndani uzi mmoja mwembamba umezungushiwa wavu. Huu wa spika: nyaya mbili nene sawasawa. Wa gitaa ukiutia kwenye spika, waya unapata moto, unaweza kukatika katikati ya wimbo, na ukikatika tumerudi kule kule, valvu haina spika. Fungua kifuniko cha plagi uone kwa macho. Usiamini rangi. Mimi nyaya za spika natengeneza na kuuza, nazifunga utepe mwekundu ncha zote mbili kwa sababu hiyo hiyo.

Omu nazo, kipimo cha ukinzani wa spika: spika imeandikwa 8, chomeka tundu la 8. Na tundu la spika la valvu usilipeleke kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, hata siku moja. Mbele ya spika ya valvu unaweka maikrofoni. Dijitali nyingi zina tundu lake la kwenda mikisa moja kwa moja, na harusini hilo peke yake linaokoa saa nzima ya kufunga vyombo.

Ngojeni, adhana.

Haya. Hatua ya nne, kusikiliza. Ya dijitali ukiiwasha dukani inakuja na sauti za kiwandani zilizojaa mwangwi, kila mtu anajiona mpiga solo. Zima mwangwi, zima koras, ile inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi, besi iweke katikati. Piga kwa nguvu, kisha piga kama unagusa yai. Kisha punguza sauti kwenye gitaa lenyewe mpaka nusu. Nzuri inasafika bila kupotea. Mbaya inabaki na mkwaruzo ule ule, nyembamba tu. Kwa taarabu ya kisasa, ambapo kinanda kimejaa na gitaa linataka usafi na koras kidogo, mie nachukua dijitali wala sijadili. Bluzi na roki uwanjani, valvu. Sasa hii ya val...

Umeme huo. Simu inarekodi, tuendelee na tochi. Kwanza zima swichi zote mbili, maana ukirudi unaweza kurudi na kishindo. Kama una inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, uliza inatoa wimbi safi au la kukatakata. La kukatakata linaipa transfoma ya valvu mvumo na joto. Umeme ukikuchosha, zipo ndogo kama Yamaha THR10II Wireless, betri imo ndani.

Na giza hili lisikutie tamaa ya kufungua kifuniko cha valvu. Plagi iko nje, sawa, lakini kapasita humo, vile vinavyohifadhi umeme, zinaweza kuwa bado zimebeba zaidi ya volti 300. Mkono nje.

La kuisifia valvu nalo lipo. Hewa yetu ya chumvi inakula miguu ya valvu na matundu, sauti inapasuka-pasuka. Fundi mwenye lehemu anasafisha, anabadilisha kapasita, maisha yanaendelea. Bodi ya dijitali ikiliwa na kutu kwa kawaida unabadilisha bodi nzima, ukiipata. Ila valvu zenyewe weka seti ya akiba: viwanda vikubwa vilivyobaki viko Slovakia, Urusi na China, na mzigo hauji kesho.

Haa, umerudi. Msiguse. Dakika mbili tatu utulie. Spika imo? Imo, utepe mwekundu. Swichi ya kwanza, valvu zipate moto, hesabu thelathini. Swichi ya pili, ya kuachia sauti. Sikilizeni, nyuzi zote sita.