Sukari Kwanza: Namna ya Kunasa Kemikali Chache Mno Ndani ya Asali

Mabibi na mabwana, wafugaji nyuki mliofunga safari kutoka Kitui na Baringo, nanyi wanafunzi wa kemia wa hapa Nairobi, karibuni. Tuanze na kiasi chenyewe. Kloramfenikoli ni antibiotiki isiyoruhusiwa kwa wanyama wa chakula, maana huweza kuharibu uboho unaotengeneza damu. Katika Umoja wa Ulaya, asali ikikutwa nayo kwa mikrogramu 0.15 kwa kilo au zaidi, haiuziki. Ukitaka kukipata kiwango hicho, twaa gramu moja ya dawa uitawanye sawasawa katika malori zaidi ya 660, kila moja limebeba tani kumi za asali.

Spektrometa ya masi, yaani mashine inayotambua kemikali kwa uzito wa molekuli zake, inaona kiasi hicho bila taabu. Taabu iko kwenye asali. Takriban asilimia 80 yake ni sukari, na kazi kubwa ya maabara ni kuitoa sukari bila kuitoa dawa. Anayenunua mashine nzuri akapuuza hatua hii atapata namba, lakini namba hizo hazifai kumhukumu mfugaji.

Sampuli ya pipa ichotwe juu, katikati na chini. Ikiwa imeganda, funga chupa vizuri, iweke ndani ya maji ya joto lisilozidi nyuzi 40, kisha koroga mpaka chembe zote ziyeyuke. Ukichota asali nyepesi iliyoelea ukaziacha chembe za glukosi chini, umepima kitu kingine kabisa.

Kwa kloramfenikoli, pima gramu 5 za asali. Kabla ya jambo lolote tia kipimo cha ndani, yaani kloramfenikoli ileile ambayo haidrojeni zake tano zimebadilishwa na duteri, yaani haidrojeni nzito. Ongeza mililita 5 za maji, tikisa hadi asali iyeyuke yote, kisha mililita 10 za ethili asetati, kiyeyushio kisichochanganyika vizuri na maji. Dawa huhamia kwenye ethili asetati, sukari hubaki majini. Zungusha kwenye sentrifuji, chota tabaka la juu, likaushe kwa mkondo wa naitrojeni kwenye nyuzi 40, halafu yeyusha masalio kwa nusu mililita ya maji na methanoli. Katika kiwango kile cha 0.15, gramu zako 5 zina nanogramu 0.75 tu, kwa hiyo tone la asali lililobaki limeganda kwenye ukuta wa chupa si dogo.

Kwa nini kipimo cha ndani kitangulie? Kwa sababu kinapotea pamoja na dawa katika kila hatua. Ukikitia mwishoni kitakudanganya kwamba hakuna kilichopotea.

Sasa mashine. Kolamu, yaani mrija mwembamba uliojazwa chembechembe, hutenganisha kemikali, kisha kimiminika hupulizwa kwa umeme ili kila molekuli ipate chaji. Sehemu ya kwanza huchuja ayoni (molekuli zenye chaji) za uzito wa 321, ya pili huzivunja kwa kuzigonganisha na gesi, ya tatu hupitisha vipande vya 257 na 152. Kipimo cha ndani hufuata njia ya 326 kwenda 157. Kipande kimoja hakitoshi kuthibitisha. Vyote viwili vionekane, uwiano wao usitofautiane na ule wa kloramfenikoli halisi inayojulikana kwa zaidi ya asilimia 40, na wakati wa kutoka kwenye kolamu usipishane kwa zaidi ya asilimia 1.

Sukari iliyobaki hutoka mapema kwenye kolamu, basi elekeza kimiminika cha dakika za mwanzo kwenye chupa ya taka. Usipofanya hivyo hujipaka mdomoni mwa mashine na kuungua huko. Tena vitu vya asali hugombania chaji na dawa, na ishara hupungua hata kama dawa ipo. Asali nyeusi huelekea kukandamiza ishara kuliko asali nyeupe ya mgunga. Ndiyo maana mstari wa vipimo, yaani viwango vya dawa vinavyojulikana vya kulinganishia, hutengenezwa ndani ya asali isiyo na dawa inayofanana na sampuli, si ndani ya maji matupu. Baada ya sampuli yenye dawa nyingi, pitisha sampuli tupu isiyo na dawa, maana mabaki hung'ang'ania sindano.

Jijini umeme ukikatika ghafla, ombwe (hali ya kutokuwa na hewa) ndani ya mashine hupotea, na pampu huhitaji saa nyingi kulirejesha. Betri ya akiba ni sehemu ya kifaa, si anasa.

Kuna dawa zinazojificha. Amitrazi, ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaijua kwenye majosho ya kupe, huvunjika upesi katika asali kwa sababu asali ni ya asidi. Ukitafuta amitrazi peke yake utaandika "haipo" ilhali mazao yake, yaani kemikali zinazotokana na kuvunjika kwake, yamejaa. Kiwango cha Ulaya cha mikrogramu 200 kwa kilo huhesabu amitrazi pamoja na mazao yake yote yenye dimethilanilini. Na ombi langu kwenu wafugaji: jerikeni iliyobeba dawa ya kupe isiguse asali, hata ioshwe mara ngapi.

Sulfonamidi, kundi jingine la dawa za kuua bakteria, nazo hujifunga kwenye sukari. Bila kuiacha asali katika asidi hidrokloriki hadi kifungo hicho kifunguke, sehemu kubwa haitaonekana, na ripoti itatoka safi bila haki.

Kosa la upande wa pili, yaani kumhukumu asiye na hatia, linaniuma zaidi. Nitrofurazoni, antibiotiki ambayo nayo ni marufuku, hutambuliwa kwa alama inayobaki baada ya kuvunjika kwake, iitwayo semikabazaidi, na kikomo cha Ulaya ni mikrogramu 0.5 kwa kilo. Lakini semikabazaidi inaweza pia kutoka kwenye plastiki laini ya kuzibia iliyo ndani ya kifuniko cha chupa ya glasi, pale plastiki hiyo ilipotiwa povu kwa kemikali ya azodikabonamidi. Ulaya iliizuia kemikali hiyo kwenye vifaa vya chakula mwaka 2005, lakini hilo halikuhakikishii kila kifuniko sokoni. Kwa hiyo, ikionekana semikabazaidi pekee katika asali ya chupa, usitie saini ripoti bado. Omba asali ileile kutoka kwenye pipa, kabla haijajazwa chupani, uipime, kisha upime na kifuniko.