Neno Lisilotamkwa: Udugu wa Walioachwa katika Filamu ya Kore-eda

Waheshimiwa wazee wetu, walimu, na vijana mliohudhuria, assalamu alaykum.

Filamu niliyoombwa kuizungumzia jioni hii ni Manbiki Kazoku, hadithi ya familia ya wezi wa madukani, kazi ya Hirokazu Kore-eda wa Japani, iliyopata Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwaka 2018. Wamo ndani yake watu sita wanaobanana katika nyumba kuukuu ya bibi kizee, Hatsue, iliyozingirwa na majengo marefu ya Tokyo. Yupo Osamu, kibarua wa ujenzi; Nobuyo, mfanyakazi wa dobi kubwa; Aki, binti aliyewakimbia wazazi wake; Shota, mtoto wa kiume anayefundishwa kuiba; na Yuri, mtoto mdogo wa kike waliyemkuta nje ya kwao usiku wa baridi, ana njaa na makovu mwilini. Wanaishi kwa pensheni ya bibi, kwa ujira mdogo wa vibarua na kwa vitu vya wizi. Hakuna aliyemzaa mwenzake, na kila mmoja, kwa njia moja au nyengine, ni mtu aliyekosa nafasi kwa watu wake.

Ushairi wa filamu hii, kwa maoni yangu, umo katika tabia ya mtunzi wake ya kutupatia nusu tu ya kitu. Usiku mmoja wa kiangazi wote sita wamekaa barazani wakisikiliza fashifashi. Kamera iko juu, inazitazama nyuso zao zilizoinuliwa, nasi hatuoni hata cheche moja. Tunasikia mshindo tu kama wanavyousikia wao, kwa sababu majengo yamewazibia mbingu. Aliyewahi kukaa ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar usiku wa kuamkia Januari 12, siku ya Mapinduzi, anaijua furaha hiyo ya kusikia sherehe ya watu wote bila ya kuiona. Baadaye wanakwenda ufukweni. Watano wanashikana mikono wakiyaruka mawimbi, bibi amebaki mchangani akiwatazama, na midomo yake inacheza bila ya sauti kutoka. Anayeitazama kwa makini ataona kuwa anawashukuru. Kule tulipewa sauti tukanyimwa picha, na huku tumepewa picha tukanyimwa sauti. Mimi sioni kuwa huo ni ufundi wa kujionyesha, kwani watu hawa wenyewe wanayo matendo yote ya udugu, na kilichokosekana ni neno la kuuthibitisha.

Mzanzibari anaweza kusema kwamba hayo si mageni kwetu, kwani ni wangapi humu ukumbini waliolelewa na bibi Makunduchi au na shangazi Wete, na hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu? Ni kweli, lakini tusiharakishe kujiona ndani ya filamu hii. Kwetu mtoto anapohamishwa huufuata uzi wa ukoo, na uzi ukikatika wapo wazee wanaojua pa kuuunga. Husemwa kuwa udugu ni kufaana si kufanana, na mara nyingi tunaisema methali hiyo tukiwa tayari tumeshazungukwa na wanaofanana nasi. Kore-eda anaipima pale ambapo uzi haupo kabisa.

Tazameni anavyoipima kwa Nobuyo. Anaoga na Yuri, na mtoto analiona kovu la pasi mkononi mwake, naye analo lake linalofanana nalo. Analipapasa kwa kidole, polepole, na kuanzia hapo hatuhitaji kuelezwa kwa nini mwanamke huyu hatamrudisha mtoto. Lakini polisi wanapomhoji baada ya familia kukamatwa, swali linalokuja ni moja: watoto hao walikuwa wakikuitaje? Sakura Ando, mwigizaji wake, ametuelekea uso kwa uso. Anayapangusa machozi kwa kiganja, anayapangusa tena, anapitisha mkono kwenye nywele, na jibu halipatikani. Serikali imelitaka neno lile lile ambalo nyumba ile haikuwa nalo. Sijaona katika sinema kilio kinachoniuma kama hicho.

Wapo wanaosema kuwa filamu hii inautetea wizi, nami sikubaliani nao. Bibi anapofariki wanamzika chini ya sakafu ili waendelee kuipokea pensheni yake. Shota akiwa hospitali, mguu umevunjika, wanafunga mizigo usiku wamwache. Kore-eda hakuficha lolote kati ya hayo. Tena aliyeuvunja mduara ule ni mtoto mwenyewe, ambaye dhamiri yake iliamshwa na mzee mwenye duka dogo aliyempa vitamutamu na kumwambia asimfundishe dada yake kuiba. Shota alikamatwa akiiba kwa kutaka mwenyewe.

Na hapa lipo jambo linalotuhusu sisi Waislamu. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, inatuamrisha tuwaite watoto wa kulea kwa baba zao, na ikiwa baba zao hawajulikani, basi hao ni ndugu zetu katika dini. Malezi yanahimizwa na nasaba inahifadhiwa. Osamu muda wote alitamani Shota amwite baba, na Shota hakuwahi kumwita hivyo akamsikia. Lakini Nobuyo, akiwa gerezani, anamweleza mtoto gari alimookotwa, rangi yake, na mji ulioandikwa kwenye namba yake, ili akitaka aweze kuwatafuta wazazi wake. Mwanamke aliyetuhumiwa kuiba watoto anamkabidhi mtoto njia ya kuifikia nasaba yake, akijua kwamba huenda akampoteza kwa hilo. Kwangu mimi huo ndio umama uliokamilika kuliko wote ndani ya filamu.

Yuri naye amerudishwa kwa mama aliyemzaa, ambaye ana kila karatasi inayotakiwa, na nyumba ile ile ndiyo iliyomtia makovu. Vyombo vya sheria vilifanya kazi yao bila ya kuuliza mtoto alikula nini na alilala wapi. Wanafunzi wa sheria na wa ustawi wa jamii mko wengi hapa. Ningependa mjadala wetu tuuanzie kwa Yuri, na mtuambie nyinyi mngemrudisha kwa nani.