Tumchore Kunguru wa Feri: Mhusika wa Kitabu cha Watoto, Hatua kwa Hatua

Habari zenu, karibuni tena mezani kwangu hapa Temeke. Mtanisamehe kwa kelele, fundi wa jirani anakata vyuma na sioni dalili ya kumaliza leo.

Leo tunamtengeneza mhusika wa kitabu cha picha cha watoto, kuanzia karatasi tupu. Nina penseli ya HB, nyingine ya 2B iliyo laini na nyeusi zaidi, kifutio, na karatasi za kawaida za fotokopi. Mwenye tableti atumie tableti, hatua ni zilezile.

Kwanza niwape kosa langu. Kitabu changu cha kwanza kilikuwa na msichana aliyesukwa mistari. Nilimchora kwa madaha: mistari 14, kila mmoja na shanga zake. Kufika ukurasa wa tisa nimechoka, mistari imebaki 10, shanga zimeyeyuka. Mtoto wa dada yangu akauliza, "Mjomba, huyu ni mdogo wake?" Vitabu vya picha mara nyingi huwa na kurasa 24 au 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16 kwa mkupuo. Maana yake mhusika huyo utamchora mara ishirini, thelathini. Usimpe kitu ambacho mkono wako utakichoka.

Hatua ya kwanza, tabia. Wangu ni kunguru wa Feri, pale sokoni kwa samaki Kivukoni, Dar es Salaam. Wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na mimi hapo siioni aibu, naiona akili. Juu ya karatasi naandika mistari mitatu: anataka kichwa cha samaki aina ya changu. Anaogopa ndoo. Akishtuka, anajifanya alikuwa anatazama kitu kingine. Basi. Usiandike maisha yake yote, hutayachora.

Hatua ya pili, nenda ukamtazame mwenyewe. Kunguru wetu wa mjini si mweusi mwili mzima. Shingo na kifua ni kijivu. Macho yake yako pembeni, kwa hiyo akitaka kukuona sawasawa anageuza kichwa na kukukazia jicho moja. Na lile "goti" linalokunjika kinyumenyume si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limejificha juu kwenye manyoya. Nilikaa karibu na wakaanga samaki kama nusu saa, nikachora vichoro vya sekunde kumi kumi. Vibaya vyote! Lakini leo nachota humohumo.

Hatua ya tatu, maumbo. Sogeeni karibu muone. Yai ni mwili, duara ni kichwa, pembetatu ni mdomo. Sasa angalia: yai nikiliinamisha mbele, huyu ni mwizi, anataka kukwapua. Nalifuta. Nalichora tena, safari hii uzito nauegemeza nyuma, shingo inazama mabegani, mguu mmoja umetangulia kama anayepima maji ya bahari. Umeona? Maumbo ni yaleyale matatu, mwoga huyo amekuja. Kichwa nakikuza kidogo, kwa sababu mtoto mdogo kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na msomaji wetu atajiona humo.

Hapa wengi hukimbilia kofia, miwani, kaptula. Mimi sipendi. Kunguru ameshakuja na skafu yake ya kijivu shingoni, unamvalisha nini tena? Ndiyo maana nimemwita Kishingo. Namwongezea alama moja tu: unyoya mmoja wa mkia umevunjika, upande wake wa kulia. Andika upande huo pembeni ya mchoro, maana ukimgeuza utasahau.

Hatua ya nne ni fupi. Mpake weusi wote kwa 2B, asibaki na jicho wala manyoya. Bado unamjua? Wangu mdomo ulimezwa na kifua, nikauinua kidogo.

Hatua ya tano, mgeuze: ubavuni, kimshazari, mgongoni. Bandika karatasi kwenye kioo cha dirisha mchana, weka nyingine juu yake, vuta mistari mlalo ya utosi, mabega na mkia ili vipimo visihame. Mbele kabisa mimi simchori. Mdomo wa ndege ukiutazama uso kwa uso unageuka kokwa, na nimepoteza jioni nyingi kwenye kokwa hilo. Mgeuze kidogo tu, maisha yaendelee.

Hatua ya sita ndiyo tamu: hisia. Ndege hana nyusi, hana midomo ya kutabasamu. Tunafanyaje? Kope ikishuka nusu, amechoka au anadharau. Mboni ikiwa nukta ndogo katikati ya jicho kubwa, ameshtuka. Manyoya ya shingo yakisimama, amekasirika, na hapa ile skafu ya kijivu inatulipa. Jaribu kuzificha mboni kwa kidole, uone kama mwili peke yake bado unasema. Na tafadhali, usimpe meno.

Hatua ya saba, mwonyeshe mtoto asiyejua kusoma. Usimweleze chochote, muulize tu, "Huyu anafanya nini?" Wa jirani yangu alijibu, "Amefanya kosa, anajificha." Nikabaki na mchoro huo.

Mwisho, rangi. Ukiwa unapanga kurasa, usiuweke uso wa mhusika kwenye mkunjo wa kitabu, utamezwa. Halafu peleka picha moja stesheneri ikachapishwe kabla hujapaka zote, kwa kuwa simu inang'aa kwa mwanga wake na karatasi haing'ai. Kijivu cha Kishingo kwenye skrini kilikuwa kizuri. Kwenye karatasi kikatoka kibuluu, kama shati la shule lililotiwa buluu nyingi. Nikaongeza kahawia, nikachapisha tena, bado. Nikaongeza tone jingine. Ya tatu ndiyo hii hapa, iliyobandikwa ukutani.