Gavana wa Darasa la Pili

ZAITUNI: Hamjambo wasikilizaji. Tupo Tororo, hapa Uganda, ule mwamba wetu uko pale pale, na mwenzangu yuko pale pale.

WAFULA: Niko. Na karatasi zangu mbili za manila ulizokopa dukani ziko kwako.

ZAITUNI: Hata dakika haijaisha!

WAFULA: Wasikilizaji wanajua. Wiki ya tatu hii.

ZAITUNI: Basi. Leo tuliahidi mambo matano ya kupanga vituo vya hesabu na michezo kwa madarasa ya chini. Nimeyaandika hapa yote matano.

WAFULA: Kwenye manila.

ZAITUNI: Kwenye daftari, Mwalimu. Lakini kabla ya hayo niwaambie kilichonipata Jumanne, maana sijalala vizuri tangu siku hiyo.

WAFULA: Ya yule mtoto?

ZAITUNI: Ngoja nianze mwanzo. Darasa langu la pili lina watoto 94. Vituo kwa watoto 94 kwa mpigo haviwezekani, msidanganyane. Kwa hiyo nusu wanabaki ndani na zoezi la ubaoni, nusu wanatoka nami chini ya mwembe. Hao 47 nawagawa vituo sita, wanane wanane, kimoja kina saba. Naunganisha vipindi viwili vya nusu saa, kisha tunabadilishana na wale wa ndani siku ya pili.

WAFULA: Na wale wa ndani nani anawaangalia?

ZAITUNI: Mungu. Na kiranja. Sasa, kituo kimoja ni vijiti: wanafunga kumi kumi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ili kumi iwe kitu cha kushika mkononi. Kingine ni maji, jerikeni ya lita 20 na kopo la nusu lita. Kingine ni mweso, ule mchezo wa mashimo na kete. Kingine ni duka: maboksi matupu ya sabuni, kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, ila hizi za udongo, na kila mtoto anapewa vizibo kumi vya soda, kila kizibo ni shilingi 100.

WAFULA: Kabalagala bei gani?

ZAITUNI: 200. Usinikatize. Sasa mweso. Tumechimba mashimo 32 ardhini, safu nne za nane nane, na kete 64, mbegu zile ngumu kabisa, empiki. Naanza nao kwa mbili mbili kila shimo: mashimo 16 upande wako, kete 32 zako. Mtoto anaona mara mbili ya 16 bila mimi kusema neno.

WAFULA: Wenzetu wa pwani wana bao lao, nalo mashimo 32, kete 64. Wanabishana wenyewe kwa wenyewe nani alianza.

ZAITUNI: Asubuhi nimehesabu kete, 64. Baada ya kipindi nahesabu, 51.

WAFULA: Kumi na tatu zimeota miguu.

ZAITUNI: Nikafikiri zimezama kwenye vumbi. Tumefukua, hakuna. Nikaenda kituo cha duka, nikamkuta kijana mmoja, mdogo kuliko wote pale, amekalia kavera, mfuko wa plastiki. Ndani ya kavera mna vizibo 31 na kete 13.

WAFULA: Gavana.

ZAITUNI: Ndiyo jina walilompa walimu wenzangu. Gavana wa Benki Kuu. Huyu mtoto hakununua kitu hata kimoja siku ile. Alikaa na vizibo vyake kumi akawatazama wenzake wanamaliza vyao kwa kabalagala za udongo. Walipoishiwa, akawakopesha. Chukua vitatu, rudisha vinne.

WAFULA: Theluthi nzima ya riba! Kwa muda gani?

ZAITUNI: Kabla ya kengele.

WAFULA: Huyo ni hatari. Mimi dukani kwangu nakopesha kalamu mwezi mzima bila nyongeza, na watu hawarudi. Kuna watu hata niko nao kwenye maikrofoni.

ZAITUNI: Waliokosa vizibo vya kulipa wakaenda kwenye mweso wakachukua kete. Na yeye akaweka kiwango: kete mbili kwa kizibo kimoja.

WAFULA: Subiri. Zilipatikana kete 13. Kumi na tatu haigawanyiki kwa mbili.

ZAITUNI: Nilimuuliza hivyo hivyo. Akanijibu, ile moja ni ya usumbufu.

WAFULA: (anacheka, anagonga meza) Mpe diploma! Mpe diploma leo!

ZAITUNI: Walimu wote walicheka kama wewe. Mwalimu mkuu naye kacheka. Mimi nilimfungia biashara.

WAFULA: Hapo ndipo ulipokosea, dada yangu.

ZAITUNI: Nilijua utasema.

WAFULA: Mimi nimekua Malaba. Kugawanya na kuzidisha sikujifunza kwa mwalimu wala kwa fimbo yake. Nilijifunza pale mpakani kwa wabadilishaji pesa, wana mabunda mikononi, shilingi ya Kenya hii, ya Uganda hii, kiwango kinabadilika kabla ya chakula cha mchana. Ukikosea unaenda nyumbani bila nauli. Watoto wako Jumanne walikuwa na riba, kiwango cha kubadilishia, deni na salio, vyote bila kitabu. Umetafuta miaka mingapi mchezo unaowafanya watoe hesabu kichwani bila kulazimishwa? Umeupata, ukaufunga.

ZAITUNI: Sasa nikwambie upande ambao hukuuliza. Aliandika madeni kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Kuna msichana mmoja, simtaji. Alikopa vitatu, akarudi akakopa vitatu tena. Anadaiwa ngapi?

WAFULA: Nne na nne. Nane.

ZAITUNI: Gavana kaandika tisa.

WAFULA: Amekosea.

ZAITUNI: Au amejua anayemwandikia. Yule msichana akivuka kumi anapotea kabisa, bado anahesabu vidole. Aliambiwa tisa, akasema ndiyo. Alikuwa na vizibo viwili, akatoa, akaenda kutafuta kete saba.

WAFULA: Vizibo saba. Kete ni kumi na nne.

ZAITUNI: Unaona! Hata kiwango hakukielewa. Alihamisha kete sita kwenye sketi akidhani amekaribia kumaliza. Hesabu unayoisifu ilifanywa na mmoja. Wengine walikuwa wateja.

WAFULA: Ndiyo soko lilivyo. Akipunjwa leo, kesho atahesabu mara mbili.

ZAITUNI: Kesho yake hakuja dukani. Alikwenda kwenye vijiti akakaa ametupa mgongo. Wewe ulipokosea Malaba ulikuwa na umri gani?

WAFULA: Kumi na moja hivi.

ZAITUNI: Huyu ana saba.

WAFULA: Sawa, basi kosa liko kwenye makundi. Uliwachanganya. Wapange kwa uwezo: wanaoweza kuhesabu mpaka 100 wakae na Gavana wapunjane wenyewe, wasioweza wakae na vijiti mpaka wapate nguvu. Pratham, shirika la elimu kule India, wanafanya hivyo, mtoto anawekwa kwenye kiwango chake hata kama darasa lake ni la juu.

ZAITUNI: Nao wana saa maalumu na mtu wa kila kundi. Mimi niko peke yangu na 47. Nikiwaweka dhaifu pamoja, nani atahesabu kwa sauti wamsikie? Wanajifunza wakisikia mwenzao anasema kumi na moja, kumi na mbili. Na lugha yetu inawasaidia hapo, kumi na moja inajieleza yenyewe, kumi juu yake moja. Ikifika ishirini inajifunga mdomo, lakini mpaka pale ni msaada.

WAFULA: Wanasikia, halafu wanaitika ndiyo kwa tisa. Umesema mwenyewe.

ZAITUNI: Kwa sababu mwalimu hakuwepo pale!

WAFULA: Na hutakuwepo, una vituo sita!

(kimya)

ZAITUNI: Siwezi kukubali watoto saba wanyonge wawe na kituo chao cha wanyonge. Watoto wanajua. Siku ya pili tu wanajua.

WAFULA: Na mimi siwezi kukubali mtoto mwenye kipaji anyang'anywe kavera yake kwa sababu mwenzake hajui nane.

ZAITUNI: Sikumnyang'anya. Nilirudisha kete za mweso.

WAFULA: Zote?

ZAITUNI: Hebu tuache.

WAFULA: Zote, Mwalimu?

ZAITUNI: Zimerudi 60. Nne hazijulikani.

WAFULA: (anacheka) Benki Kuu lazima iweke akiba.

ZAITUNI: Wafula, saa ngapi?

WAFULA: Dakika nne. Mwenye saluni anataka chumba chake hiki tunamorekodia.

ZAITUNI: Mambo yangu matano! Haya, haraka. La kwanza: kila kituo kiwe na kopo lake, na idadi ya vitu iandikwe juu ya kopo kwa kalamu nene. 64 ni 64. Watoto wenyewe wahesabu kabla ya kuhama, asiyemaliza kuhesabu hahami. Hilo peke yake ni kipindi kizima cha hesabu.

WAFULA: Na ndilo lililomkamata Gavana.

ZAITUNI: Ndilo. Ila Jumanne nilihesabu mimi, hawakuhesabu wao, ndiyo maana niligundua mwisho. La pili, wimbo wa kuhama, kengele wanaichanganya na ya mapumziko. La tatu...

WAFULA: Huyo amewasha mashine ya nywele.

ZAITUNI: La tatu ni juu ya kelele, linataka maelezo.

WAFULA: Wiki ijayo.

ZAITUNI: Wiki iliyopita ulisema wiki ijayo.

WAFULA: Na wewe ulisema utaleta manila.

ZAITUNI: Nitaleta mbili.

WAFULA: Kwa kiwango cha nani?

ZAITUNI: Wasikilizaji, kwaherini. Mama, tunatoka, tunatoka, dakika moja tu, usizime hiyo ta—