Pumzi Ikikwama, Umepitiliza

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi wengine, habari za jioni.

Nianze na swali, na naomba jibu la mikono. Nani hapa anaweza kuinama akagusa vidole vya miguu bila kukunja magoti? Moja, mbili... naona kama sita hivi. Hongereni. Nyinyi sita mnaweza kunisikiliza kwa sikio moja tu, maana mhadhara wa leo ni wa hao waliobaki wanaoangalia chini.

Kila ninapomwambia mtu ajaribu yoga, hunijibu, "Mimi mwili wangu mgumu." Halafu huniangalia kama aliyekwisha kufunga mjadala. Siwacheki, kwa sababu nami nilianza na mwili mgumu, na kwa kuuonea haya mwili huo nikajiumiza. Nitawasimulia, maana kosa langu lina faida kwenu kuliko sifa zote ninazoweza kuipamba nazo yoga.

Niliingia darasani kwa ajili ya kiuno. Nilikuwa nakaa kitini mchana kutwa, jioni nikisimama najishika mgongo kama mtu aliyebeba gunia. Wiki ya tatu mwalimu akatuketisha sakafuni, miguu imenyooshwa mbele, akasema tuiname taratibu. Jirani yangu akajikunja kama shuka, paji la uso likatua kwenye magoti. Mikono yangu iliishia kwenye ugoko. Nikaona aibu. Nikazishika nyayo kwa nguvu, nikavuta. Hapo kitu kikachomoka chini ya kalio la kulia. Hakikutoa sauti. Nilikihisi tu, kama uzi wa nguo unavyoachia. Baada ya hapo, kwa miezi mitano, kiti kigumu nilikikalia upande mmoja.

Sehemu ile ndipo misuli ya nyuma ya paja inaposhikana na mfupa tunaoukalia. Kinachoishikiza ni kano, na kano haipati damu nyingi kama nyama ya msuli, ndiyo maana hupona kwa kujivuta. Hayo niliyajua baadaye. Lakini ninachokikumbuka wazi kuliko maumivu ni kwamba nilikuwa nimebana pumzi. Nilibana pumzi kabla sijaumia. Mwili ulikwisha kuleta taarifa, mwenyewe nikaiweka kando kwa sababu ya jirani.

Hilo ndilo nililokuja kuwaambia. Ukiwa ndani ya mkao na pumzi inaingia na kutoka bila kukwama, uko mahali pako. Ikikwama, ikawa fupi, au ukajikuta umeuma meno, umepitiliza. Rudi nyuma kidogo mpaka ilegee. Anayeanza hahitaji kipimo kingine.

Na kipimo hiki si changu. Neno lenyewe yoga ni la Kisanskriti, limetoka kwenye mzizi wenye maana ya kufunga pamoja, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira. Ipo matini ya kale ya Patanjali, mwanazuoni wa India, mafundisho mafupi mafupi yanayokaribia 200, ambayo watu wa yoga huirejea sana. Ukiisoma ukitarajia kufundishwa kujikunja utashangaa: mkao umepewa mistari mitatu tu, na wa kwanza wake unasema mkao uwe thabiti na wa raha. Thabiti na wa raha, kwa pamoja. Uthabiti peke yake ulikuwepo siku ile nilipovuta nyayo zangu.

Hii mikao mingi ya kusimama na kupinda tunayoiona siku hizi ilipata sura yake kwa kiasi kikubwa katika karne ya 20. Katika miaka ya 1930, kwenye jumba la mfalme wa Mysore, kusini mwa India, alifundisha mwalimu aliyeitwa Krishnamacharya. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwepo kijana mmoja, B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kukua akiandamwa na malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Mwili wa kijana huyo haukuwa wa kuonyeshwa mtu. Akaishi mpaka mwaka 2014, na jambo lililompa jina ni kuingiza viti, kamba na matofali ya mbao darasani ili mgonjwa, mzee na mwenye mwili mgumu nao wafike. Kwa hiyo ukimwona mtu ameweka tofali chini ya kiganja, usidhani anaiba mtihani.

Sasa tufanye kidogo, nimechoka kusema peke yangu. Hapo hapo mlipo. Tokeni kwenye egemeo la kiti, nyayo zote mbili ziguse sakafu. Mkono mmoja tumboni, chini ya mbavu. Msibadilishe chochote, sikilizeni tu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Sasa tuipunguze mwendo: vuteni kwa pua nikihesabu mpaka nne... toeni, bila haraka, mpaka sita. Tena. Mzunguko mmoja ni sekunde kumi, yaani pumzi sita kwa dakika. Mwenye kuhisi kizunguzungu aache, apumue kawaida yake.

Endeleeni hivyo hivyo, lakini sasa wekeni vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, mtafute mapigo. Msikie mnapovuta: moyo unaharakisha kidogo. Mnapotoa, unapunguza mwendo. Mama wa mstari wa pili ameshausikia, naona anatabasamu. Kuna neva ndefu inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi kifuani na tumboni, inaitwa vagasi. Ndiyo breki ya moyo. Unapotoa pumzi breki hiyo hukaza, unapovuta hulegea. Ukirefusha kutoa, unaikanyaga kwa muda mrefu zaidi. Moyo huwezi kuuamuru polepole ukatii, ila pumzi unaiamuru, na moyo unafuata nyuma. Hapo sehemu kubwa ya ule utulivu ambao watu hutoka nao darasani wakidhani ni muujiza inapata maelezo yake.

Kuhusu faida nyingine nitasema kwa kadiri, maana eneo hili lina wauza maneno wengi. Maumivu ya kiuno ya muda mrefu: mwaka 2017 chuo cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilitoa mwongozo unaoiweka yoga miongoni mwa tiba zisizo za dawa za kujaribiwa mwanzo. Msongo wa mawazo hupungua, watu wengi hulala vizuri zaidi, na mizania ya mwili huimarika, jambo ambalo ukiwa kijana hulioni thamani yake mpaka siku ya kwanza utakapojikwaa kwenye ngazi na mguu usikuitikie.

Lakini mtu akikwambia kwamba ukijipinda kiuno unakamua sumu kwenye ini, muulize ini limekuwa likifanya nini siku zote. Ini na figo zinasafisha damu bila kukamuliwa. Wala yoga ya polepole haichukui nafasi ya kutembea kwa kasi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya kiwango cha wastani, yale ya kukufanya uheme huku bado unaweza kuzungumza. Na wenye vidonge vya presha, tafadhali, visibaki kwenye droo kwa sababu mmejifunza kupumua.

Kuna karatasi imeletwa hapa mbele: "Je, hii si dini?" Swali halali, halina haja ya kuulizwa kwa kuficha jina. Yoga ilikulia ndani ya mapokeo ya kiroho ya India, ya Wahindu, ya Wabudha na ya Wajaini, na kulikana hilo ni kukosa adabu. Madarasa mengi ya leo hufundisha mwili na pumzi basi. Mengine yana nyimbo na sala. Uliza kabla hujaingia, kisha uamue kwa dhamira yako. Mimi sitakuamulia.

Tuje kwenye kuanza. Tafuta darasa lililoandikwa wazi kuwa ni la wanaoanza, ufike mapema, umwambie mwalimu panapouma kabla hajauliza. Mwalimu asiyetaka kusikia habari za goti lako, mwachie mkeka wake. Kama utaanzia nyumbani, dakika 15 mara tatu kwa wiki zinakufikisha mbali kuliko saa nzima Jumapili moja na kimya wiki tatu. Usiwe umeshiba, chakula kizito kiwe kimepita saa mbili au tatu. Miguu peku, soksi zinateleza.

Nichukue mkao mmoja tu niuchambue, ule unaotesha watu wengi: wa mbwa anayejinyoosha. Viganja chini, nyayo chini, makalio juu, mwili unakuwa kama herufi V iliyopinduliwa. Mgeni akiuona hudhani kazi ni kushusha visigino. Anavisukuma, mgongo unajipinda kama kobe, uzito wote unahamia mikononi, na baada ya pumzi mbili vifundo vya mikono vinalia. Mwambieni akunje magoti. Ayakunje hasa, bila haya. Mara makalio yananyanyuka, mgongo unanyooka, uzito unarudi miguuni. Vidole vya mikono viwe vimetanuka, shina la kidole cha shahada na la gumba vikandamize chini ili kifundo kisibebe peke yake. Visigino vielee hewani. Kuna watu ambao umbile la kifundo cha mguu halitawaruhusu kuvigusisha sakafuni maisha yao yote, na hawajapungukiwa na chochote. Nao ambao mikono haiwezi kubeba, wauegemee ukuta: viganja ukutani kwenye usawa wa nyonga, rudi nyuma hatua mbili, sukuma makalio nyuma. Mgongo hautambui tofauti kubwa.

Na mkao wa mwisho, wa maiti, wengi huukimbia. Wanakunja mkeka, wanatafuta viatu. Unalala chali, viganja vimetazama juu, huna la kufanya kwa dakika tano. Mimi ulinishinda mwaka mzima. Kulala sakafuni macho yamefumbwa huku mawazo yanapiga foleni ni kazi ngumu kuliko mbwa yule. Usiukimbie. Kama chali inaumiza kiuno, weka mto chini ya magoti.

Tahadhari, haraka haraka lakini zishikeni. Mwenye presha ya macho aache mikao ya kuweka kichwa chini ya moyo. Mwenye presha ya damu isiyotulia, amwone daktari kwanza. Mjamzito atafute mwalimu anayejua mambo ya ujauzito. Mwenye mifupa iliyodhoofika asijikunje mbele kwa nguvu wala kujipinda sana. Na kwa kila mtu: msuli kuvutika ni sawa, ila maumivu ya kuchoma, ganzi, au kitu kinachotambaa kama umeme kuteremka mguuni, hapo unatoka kwenye mkao, huombi ruhusa.

Naona muda umenitupa mkono. Simameni, kila mtu nyuma ya kiti chake, mkono mmoja ushike egemeo. Tutanyanyua kisigino cha kulia, unyayo tuuegemeze kwenye ugoko wa kushoto, kamwe si kwenye goti, na tutapumua mara tano tu. Wale sita, msiwaangalie majirani zenu. Wengine pia.

Ila tusianze bado. Mwenye goti, nyonga au kifundo kinachouma anyanyue mkono, nipite kwake kwanza.